Ambedkar sio mtu wa mistari miwili

Mhariri, salamu. Gazeti lenu mimi huwa nalisoma kwa jamaa mmoja hapa kituo cha daladala akishamaliza yeye, kwa hiyo mniwie radhi kama barua imechelewa. Ile makala yenu ya katiba za nchi zilizotawaliwa na Mwingereza nimeisoma yote, mlipofika India mkasema Dk. Bhimrao Ramji Ambedkar ndo aliandika Katiba ya India, basi, mistari miwili mkaenda zenu. Halafu picha mliyobandika pembeni ni ya Gandhi. Ya Gandhi jamani! Hivi mnajua hao wawili walivyokuwa?

Niseme kwanza huyu mzee nilimjuaje, maana sio shuleni. Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza mama Mumbai kwenye matibabu ya moyo, siku moja ya Desemba natoka hospitali kurudi tulikofikia teksi ikagoma kwenda, maeneo ya Dadar barabara imejaa watu, bendera za bluu, kinamama peku na mtoto kiunoni, wazee wamebeba vifurushi inaonekana kabisa wametoka mbali. Nikadhani fujo za uchaguzi. Dereva akasema neno moja tu, Babasaheb, ndo jina wanalomwita Ambedkar. Kumbe ilikuwa tarehe 6, siku aliyofariki mwaka 1956, na wale walikuwa wanaelekea pale ufukweni alipochomewa mwili, panaitwa Chaitya Bhoomi. Nikashuka kutembea. Pembeni kule nikategemea karanga na maji ya kuuza, nikakuta turubai kwa turubai vimepangwa vitabu, pamoja na kalenda na visanamu vya mzee mnene wa miwani, suti ya bluu, kitabu kwapani na kidole kanyoosha mbele. Kuna mama mmoja alikuwa anavutana bei na muuzaji juu ya kitabu kinene, anakirudisha chini, anajifanya anaondoka, anageuka, vile vile sisi tunavyofanya kwenye fungu la nyanya. Misiba ya wakubwa nimeiona mingi, lakini watu kusafiri kwenda kwenye kumbukumbu ya marehemu wakarudi na vitabu, sijaona tena.

Sasa mtu wa hivyo ukimpa mistari miwili hujamtendea haki. Alizaliwa Mhow tarehe 14 Aprili 1891, mtoto wa 14 kwa mzee Ramji aliyekuwa subedari, yaani ofisa mzawa, kwenye jeshi la Mwingereza. Wao ni Mahar, yaani katika lile jambo lao la matabaka ni watu wasioguswa, ukimgusa umenajisika. Shuleni alikaa chini kwenye kipande cha gunia chake mwenyewe, anakuja nacho asubuhi jioni anarudi nacho kwa sababu mfagiaji wa shule hawezi kukishika. Akisikia kiu hafungui bomba, mpaka tarishi aje amfungulie. Tarishi hayupo, leo hakuna maji. Hapo mtoto ana akili kuliko nusu ya darasa.

Mwaka 1901 yeye na ndugu zake wakafunga safari kwenda kwa baba yao aliyekuwa keshia huko Goregaon, wamevalishwa nguo mpya kama wa sikukuu, wakashuka stesheni ya Masur, barua haikumfikia mzee kwa hiyo hakuna wa kuwapokea. Stesheni masta akawaonea huruma, watoto wasafi hawa wa nani? Wakajibu sisi ni Mahar. Mzee wa watu uso ukambadilika akaondoka zake. Wenye magari ya ng'ombe wakakataa wote, hata kwa nauli mara mbili, mpaka mmoja akakubali kwa sharti watoto waendeshe wenyewe ng'ombe yeye atembee pembeni. Na chakula walikuwa nacho, ila maji hakuna wa kuwapa. Walipofika kwenye kizuizi cha ushuru wakashauriwa wajifanye Waislamu, kijana akaongea Kiurdu chake kizuri tu, yule wa ushuru akamwambia kwani nani kakuwekea maji, yapo kule mlimani kachote. Wakalala njaa na chakula kipo, maana bila maji kile chakula hakipiti. Aliandika haya mwenyewe akiwa mtu mzima na ukisoma unaona kabisa kile kiu hakijaisha.

Ndo maana nasema ukitaka kumwelewa huyu mtu anza na maji, katiba itakuja baadae.

Usomi wake ntapita haraka kwa sababu ukiuorodhesha unakuwa kama wasifu wa kuombea kazi. Maharaja, yaani mtawala wa jimbo la Baroda, alimpa skolashipu, akaenda chuo kikuu cha Columbia kule New York 1913, akasoma uchumi, 1916 akahamia London. Hela ikaisha akarudishwa nyumbani kabla hajamaliza, akaja kurudi 1920 akachukua udaktari wa pili kwa utafiti juu ya rupia na akawa wakili kamili wa Gray's Inn, chama cha mawakili cha huko London. Lakini angalia hapo katikati. 1917 karudi Baroda kulipa deni la skolashipu, ofisa mkubwa, na matarishi wa ofisi wanamtupia mafaili mezani kwa mbali wasije wakagusana. Pa kulala hapati, akajiandikisha nyumba ya wageni ya Waparsi, wale wenye asili ya Uajemi, kwa jina la Kiparsi, haikufika wiki mbili wakaja wanaume na fimbo wakamtoa. Mtu katoka Columbia huyo! Akaenda kukaa kwenye bustani ya umma analia, anasubiri treni ya usiku ya Bombay, ndo hiyo Mumbai ya leo.

Basi 1927 ndo yakaja ya mji wa Mahad. Kuna bwawa pale linaitwa Chavdar, halmashauri ya mji ilisharuhusu watu wote wachote lakini nani athubutu. Tarehe 20 Machi akaongoza maelfu ya watu mpaka kwenye ngazi za bwawa, akainama akachota kwa mkono akanywa, na wenzake wakanywa. Ndo hivyo tu, hakuna aliyevunja kitu. Watu wa tabaka la juu wakawapiga waandamanaji, halafu wakalisafisha bwawa kwa mitungi 108 ya mchanganyiko wenye mavi na mkojo wa ng'ombe. Mavi ya ng'ombe yanasafisha, kiganja cha daktari wa uchumi kinachafua, hapo sina la kuongeza. Kesi ikaenda mahakamani mpaka 1937 ndo wakashinda, miaka 10 kwa maji ya bwawa.

Sasa picha yenu. 1932 Mwingereza alikubali watu wa Ambedkar wachague wawakilishi wao wenyewe, kura zao peke yao. Gandhi akiwa jela ya Yerwada akatangaza kufunga mpaka kufa kupinga, alisema itawagawa Wahindu. Ebu jiweke kwenye nafasi ya Ambedkar, mtu mashuhuri kuliko wote India akifia jela kwa ajili yako, kesho vijijini watu wako watachinjwa. Akasaini makubaliano tarehe 24 Septemba, viti vya watu wake vikapanda kutoka 71 kuwa 148, ila wapiga kura ni wote kwa pamoja, yaani wale wale wanaokunyima maji ndo watakuchagulia mbunge. Kuna wanaosema yalikuwa makubaliano mazuri, viti si viliongezeka? Mimi naona alibanwa shingo, na yeye mwenyewe alilalamika mpaka uzeeni. Kwa hiyo kumwekea picha ya Gandhi ni kama... basi tu.

Na hiyo katiba, hata yeye hakusema kaiandika peke yake. Rasimu ya kwanza aliitayarisha B. N. Rau, mshauri wa bunge la katiba, na Ambedkar alimshukuru hadharani. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uandishi kuanzia Agosti 1947, watu saba, mmoja akajiuzulu, mmoja akafa, mwingine yuko Marekani, wengine wapo wapo, mzigo ukamwangukia yeye na kisukari chake. Ibara ya 17 inafuta kabisa ule unajisi wa kutogusana. Lakini tarehe 25 Novemba 1949, siku moja kabla haijapitishwa, badala ya kujipongeza aliwaonya kwamba kwenye siasa tutakuwa sawa, kura moja thamani moja, kwenye maisha na uchumi hatutakuwa sawa, na tukiacha hivyo kwa muda mrefu wenye kunyimwa wataulipua huu mjengo. Akawaonya pia wasimsujudie kiongozi yeyote. Sisi tunaobishana katiba mpya tangu enzi za rasimu ya Warioba tungeisoma hiyo hotuba kabla ya kutafuta nani kaandika nini.

1951 alijiuzulu uwaziri wa sheria kwa sababu muswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki ya urithi na talaka ulikwamishwa, uchaguzi uliofuata akaangushwa Bombay. 1953 akasema bungeni hiyo katiba angekuwa wa kwanza kuichoma. Hilo hamkuliandika! Oktoba 1956 akaingia Ubudha pale Nagpur pamoja na malaki ya watu, hazikupita wiki nane akafa usingizini Delhi.

Mhariri, tarehe 14 Aprili ni siku yake ya kuzaliwa, muda wa kuandaa ukurasa mzima mnao. Picha zake zipo tele, tafuteni ile ya suti na miwani.

Ni mimi msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam