Barua kwa mpwa wangu aliyechora kikombe chenye pembe

Mpwa wangu,

Mchoro wako wa kikombe umenifikia. Mkono unao, hilo sina shaka nalo. Ila mdomo wa kikombe umeuchora kama jani: mikunjo miwili imekutana kwa ncha kali kulia na kushoto. Na kitako umekipiga rula! Basi niruhusu mjomba wako nikuandikie kidogo kuhusu umbo ulilolikosea, nikilitetea dhidi ya jina lake hapohapo.

Tunaliita duaradufu. Kitu dufu ni kitu hafifu, kisicho na ladha, kwa hiyo aliyelibatiza aliliona kama duara lililoharibika. Wala hatuko peke yetu. Apollonius wa Perga, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliliita elleipsis, yaani upungufu. Yeye angalau alikuwa na sababu zake za kihesabu.

Sasa chukua kikombe chenyewe. Kiinue mpaka mdomo wake ulingane na macho yako: utaona mstari mtupu. Kishushe taratibu. Mstari unafumbuka, unakuwa duaradufu jembamba, kisha linanenepa, na ukikiinamia kutoka juu kabisa ndipo duara linapotokea. Sahani mezani, sarafu, gurudumu la baiskeli inayokata kona, yote jicho huyapokea yakiwa maduaradufu, na akili huyasahihisha bila kutuuliza. Wewe umechora ulichokijua, si ulichokiona.

Duaradufu halina kona popote. Hata kwenye zile ncha mbili linapinda tu, ingawa kwa haraka. Kuhusu kitako, kumbuka kiko chini zaidi ya usawa wa macho kuliko mdomo, hivyo mkunjo wake unatakiwa uwe mnene kuliko wa juu. Hapa wengi huteleza: kikombe kimekaa juu ya meza bapa, basi mkono nao unataka mstari ulionyooka.

Ukishalizoea utalikuta kila mahali. Inamisha glasi iliyonyooka yenye maji, tazama uso wa maji. Kata karoti mshazari. Washa tochi gizani ukiielekeza ukutani moja kwa moja, upate duara, kisha uilaze kidogo kidogo: duara linarefuka kuwa duaradufu, na ukizidi kuilaza, upande mmoja unafunguka usijifunge tena. Hapo umeshaingia kwenye parabola na haipabola, mikunjo isiyojifunga.

Lakini usije ukalibandika hata pasipostahili. Yai si duaradufu, maana upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Njia ya mbio uwanjani nayo si duaradufu. Ni mistari miwili iliyonyooka na nusu duara mbili. Johannes Kepler mwenyewe, mtaalamu wa nyota, akihangaika na mwendo wa sayari ya Mirihi, alijaribu umbo la yai kabla ya kufikia duaradufu, aliloliandika katika kitabu chake cha mwaka 1609. Dunia yetu pia hupita njia hiyo, ingawa imekaribia sana kuwa duara: mwanzoni mwa Januari tuko kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai kama milioni 152.

Jioni ukipata nafasi, choma pini mbili kwenye ubao wenye karatasi, zizungushie kitanzi cha uzi kilicholegea, kivute kwa ncha ya penseli mpaka kikaze, uzunguke nayo. Ndilo hilo. Sogeza pini zikaribiane, urudie. Zikifika mahali pamoja utapata duara. Kwa hesabu hiyo duara ni duaradufu ambalo pini zake zimekutana, nami sijui ni nani hapo wa kuitwa dufu.

Nitumie kikombe kingine. Kishikio usikiguse, kimekaa vizuri.

Mjomba wako