Nimewahi, mwanangu

Mwenge, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Natumai hapo Muheza wote hamjambo, na goti la mama limepata nafuu. Sisi huku wazima, ila mvua haijatuacha. Njia ya kuja kwangu imekuwa mto tangu Alhamisi.

Ujumbe wako niliusoma mara tatu nikashindwa kuujibu kwenye simu. Umeniuliza mawili kwa mpigo: kwa nini niliacha kutengeneza tovuti, kazi ambayo wewe ndiye uliyenilipia niijifunze, na kama kitinda mimba wako aliyemaliza kidato cha sita asomee hii kazi yangu ya sasa, hiyo UX, ambayo umesema hata jina lake halikuingii. Nimeona nikae chini niandike.

Nianze na deni. Mwaka 2000 tulipokuwa tunapanga chumba kimoja hapa hapa Mwenge, saa moja ya intaneti kule mjini, Samora, ilikuwa shilingi mia tano, na mia tano hizo zilitoka kwenye cherehani yako. Kila Jumamosi ulinipa elfu moja na nauli. Nilikuwa naingia, nafungua ukurasa wowote ulionivutia, naangalia msimbo wake, naunakili kwenye flopi, kisha narudi kuusoma kwenye ile kompyuta ya kuazima. Uliniuliza nafanya nini, nikashindwa kueleza, ukasema mwenyewe: "Aa, unafumua gauni la mwenzio uone lilivyoshonwa." Sijapata maelezo bora kuliko hayo mpaka leo.

Na kweli ulikuwa ushoni. Siku zile hapakuwa na njia nyepesi ya kuweka picha kushoto na maneno kulia. Tulichora jedwali, kama la hesabu, tukaficha mistari yake, kila kitu tukakitia kwenye kijichumba chake. Pale ulipotaka nafasi ibaki wazi ulichomeka kijipicha cha pikseli moja kisicho na rangi, ukakivuta kikawa kirefu kama pini isiyoonekana. Rangi za kuaminika zilikuwa 216 tu. Ukitoka nje ya hizo, kompyuta ya mwenzio ilikupa madoadoa. Njia safi zaidi ilikuwa imekwisha kubuniwa: Mnorwe Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 akiwa CERN, ile maabara ya fizikia kule Uswisi, mahali pale pale intaneti ya kurasa ilipozaliwa, na mwishoni mwa 1996 ikawa kanuni rasmi, ndiyo hii CSS, lugha ya kuupangia ukurasa sura yake. Lakini vivinjari, zile programu za kufungulia kurasa, havikukubaliana namna ya kuisoma, kwa hiyo miaka mingi tuliendelea na majedwali yetu. Nilikuwa naweza kukesha kwa ajili ya mstari mmoja uliokaa sawa huku na ukapinda kule. Nilipenda kazi ile, shoga. Nisikufiche.

Kazi yangu ya kwanza ya malipo unaikumbuka: kampuni ya utalii kule Arusha. Mwenye kampuni alitaka mlima Kilimanjaro ujaze ukurasa, na kabla ya mlima, twiga akimbie kwa Flash, ile programu ya picha zinazotembea, kutoka pembe hii mpaka ile. Nikamfanyia. Tulipoifungua ofisini kwake kutoka kwenye diski, watu walipiga makofi. Sasa piga hesabu. Modemu nzuri ya wakati ule, kile kidude cha kuleta intaneti kwa waya wa simu, ile ya kilobiti 56, ikiwa kwenye siku yake njema kabisa ilileta kama kilobaiti saba kwa sekunde. Picha ya mlima peke yake ilikuwa kilobaiti mia nne. Hiyo ni karibu dakika nzima mtu anatazama kioo cheupe, na twiga bado. Hesabu hiyo niliijua. Sikuifanya, kwa sababu aliyenilipa alikuwa ameridhika, na mimi nilidhani kazi ni kumridhisha yeye.

Miaka ikapita hivyo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukafika pwani yetu, intaneti ikaacha kupitia satelaiti kwa kila kitu, bei zikaanza kushuka. Huku nyuma watu walikuwa wameshaingia intaneti kwa simu bila kupitia kompyuta kabisa. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte akaandika makala iliyoonyesha namna ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo, nikaona heri, nikafumua na kushona upya kila nilichokuwa nacho. Flash ikaanza kufa. Sikuililia.

Lakini hayo yote yalikuwa bado ni ushoni. Kilichonibadilisha kilitokea Ubungo, stendi kuu ya mabasi ya mikoani wakati ule, na sidhani nimewahi kukusimulia sawasawa.

Mwaka 2012 nilitengeneza mfumo wa tiketi wa kampuni moja ya mabasi ya mikoani. Jina lake haliongezi kitu. Abiria analipa kwa simu, anapata ujumbe: jina, namba ya kiti, tarehe, muda. Nilijivunia ufupi wa ule ujumbe. Kila herufi niliipima. Siku hiyo nilikwenda stendi kupiga picha ya basi jipya kwa ajili ya ukurasa wa mbele. Mchana, jua kali, nasubiri watu wapishe mlango wa basi, akanijia bibi mmoja, kanga mbili, beseni la dagaa limefungwa kwa kitambaa. Alidhani mimi ni wa ofisini. Akaniambia anakwenda Njombe, mjukuu wake anapata kipaimara kesho Jumapili, basi lake liko wapi?

Basi la Njombe lilikuwa limeondoka alfajiri.

Nikamwomba simu. Kilikuwa kiswaswadu, namba zimefutika kwenye vibonye. Ujumbe wangu ulikuwa pale, safi kama nilivyouandika: 06:00. Nikamwonyesha. Akaweka kidole chini ya kila tarakimu, akanisomea kwa sauti, kama mtoto anayesomeshwa: "Sifuri, sita. Sifuri, sifuri. Saa sita, mwanangu. Nimewahi."

Nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa tano na nusu. Kweli, alikuwa amewahi kwa nusu saa.

Nilishikwa na ganzi. Mimi, mtoto wa Kiswahili, niliyelelewa na saa inayoanza kuhesabiwa jua likichomoza, nilimwandikia bibi yangu saa ya watu wengine, na katika kupima kote kule sikuliona hilo. Kijana wa dirishani akasema si angeuliza. Yule bibi akanishika mkono, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi! "Nisamehe, mwanangu, sikusoma sana." Mpaka leo maneno hayo yananichoma.

Walimpa nafasi kesho yake. Usiku ule alilala kwangu, dagaa jikoni. Alfajiri nikampeleka mwenyewe. Jioni akanipigia: amefika, misa imekwisha, mtoto amemwekea keki.

Baada ya hapo nilirudi Ubungo kwa wiki mbili, bila kamera. Nilikaa kwenye benchi karibu na madirisha ya tiketi nikasikiliza. Na nikagundua kitu ambacho ndicho kazi yangu yote tangu siku ile. Tiketi za karatasi nazo ziliandikwa 06:00! Miaka yote. Ila aliyekata tiketi, huku anaichana kutoka kwenye kitabu, alisema: "Saa kumi na mbili asubuhi, mama, lakini saa kumi na moja na nusu uwe hapa, mizigo yako uipime kwanza, basi letu la bluu liko kule mwisho." Karatasi ilikuwa na kosa, mdomo ukawa unalisahihisha, kila siku, kwa kila abiria, na hakuna aliyejua kwamba hiyo ni kazi. Mimi nilipoileta tiketi kwenye simu niliichukua karatasi nikauacha mdomo.

Basi, shoga, nikiulizwa nafanya nini siku hizi, nasema nautafuta ule mdomo. Naenda mahali ambapo jambo linafanyika kwa watu, nasikiliza wanasema nini ambacho hakijaandikwa popote, ndipo nakuja kuchora. Kuchora bado nachora. Ila siku hizi huja mwisho.

Jina la kazi ni UX, kifupi cha Kiingereza "user experience". Don Norman, msomi wa saikolojia wa Marekani, alipoingia kampuni ya kompyuta ya Apple mwaka 1993 alijipa cheo chenye maneno hayo, kwa sababu aliona kuzungumzia kioo na vibonye peke yake hakutoshi. Alitaka neno la kubeba mambo yote yanayompata mtu anapokutana na chombo. Kwa Kiswahili vitabuni wanaandika "uzoefu wa mtumiaji", na mimi neno hilo silipendi, nakwambia kwa moyo mmoja. Uzoefu kwetu ni wa fundi wa miaka ishirini. Yule bibi hakuwa na uzoefu wowote. Alikuwa na safari. Tukipata neno letu, kazi itaeleweka na watu wengi zaidi.

Mwanzoni ilikuwa ngumu. Mwajiri mmoja aliniambia wazi: "Tukulipe ukakae stendi?" Tovuti huonekana, mtu anaipigia makofi. Abiria ambaye hakuachwa na basi haonekani. Kwa miaka miwili nilipata pungufu ya nilichokuwa napata kwa twiga na milima, na wewe ulinitumia mchele bila kuuliza. Kilichonisaidia kuwashawishi ni hesabu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa kazi hii hii, aliyeandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu watano tu wakitumia kitu chako, unaona kama asilimia 85 ya matatizo yake. Watano! Bosi yeyote anaweza kuvumilia watu watano. Nikamleta mmoja wa wakubwa akae nyuma yangu kimya, atazame mama ntilie, kondakta, mwanafunzi na wengine wawili wakijaribu kununua tiketi. Kwa mtu wa tatu alikuwa ameshasimama, anataka kwenda kumwonyesha pa kubonyeza. Nikamzuia. Alipotoka mle chumbani hakuniuliza tena kuhusu stendi.

Neno moja lililotupa tabu sana ni "Wasilisha". Tuliliweka kwenye kibonye cha mwisho kwa sababu ndilo lililozoeleka kwenye fomu. Wawili kati ya watano walidhani wanatakiwa wapeleke kitu ofisini. Mmoja alianza kuuliza nauli ya daladala. Tukaweka "Lipa tiketi", yakaisha. Na "Ghairi" na "Futa" kukaa jirani, hilo ukiliona mahali popote nipigie simu.

Kuhusu binti. Akipenda, asome, wala usimzuie. Atataka kuanza na programu za kuchorea, maana ndizo zinazopendeza, na ni sawa, mkono nao lazima uzoee. Lakini kabla hajaja kwangu mwezi wa saba, mpe kazi hii: akae pale dukani kwako siku tatu, asiuze chochote, aandike kila swali wateja wanalouliza ambalo jibu lake limeshaandikwa ukutani. Alete daftari hilo. Tutaanzia hapo, na chumba kipo.

Sasa nami nina shida kwako, na ndiyo sababu ndani ya bahasha hii kuna karatasi tatu ndogo. Mabasi ya usiku yamerudi, na tiketi zake zinanikosesha usingizi. Basi linaondoka Jumatano saa sita na nusu usiku. Je, mtu atoke nyumbani lini? Vijana wa hapa mjini wengi wanasema Jumatano jioni baada ya kazi, na wakifika basi limeshaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama yako, kama bibi zetu wote wa pwani, siku yake inaanza jua linapozama. Kwake usiku wa Jumatano unakuja kabla ya mchana wake. Nimeandika kwa namna tatu: moja ina tarehe na tarakimu, moja inasema "usiku wa Jumatano", moja inasema "usiku wa kuamkia Jumatano, toka nyumbani Jumanne baada ya isha".

Mwamkie shikamoo yangu kwanza. Kisha mpe moja moja, siku tofauti, akiwa ametulia na miwani yake. Muulize tu: "Mama, ungefunga mizigo siku gani?" Usimsaidie, shoga, hata akikutazama. Akinyamaza, nawe nyamaza. Andika atakavyosema, kwa maneno yake yeye, na kama akiuliza kitu, hicho ndicho ninachokitaka zaidi. Nipigie Ijumaa.

Ni mimi,
shogayo wa Mwenge