Maandalizi ya kupiga picha San Xavier del Bac, Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi asubuhi tutapiga picha katika kanisa la misheni ya San Xavier del Bac, kusini mwa Tucson, Arizona. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1692 na padri Mjesuiti Eusebio Kino, ila jengo tutakalolikuta lilijengwa na Wafransisko kati ya mwaka 1783 na 1797, chini ya utawala wa Hispania.

Kwa kuwa uso wa kanisa unatazama kusini, jua la majira haya ya baridi, ambalo hupita chini angani, litaangaza vizuri nakshi za lango. Kuta nyeupe huidanganya kamera, ikazitoa za kijivu. Hivyo ongezeni mwanga kidogo katika mipangilio ya kamera, mkichunga maeneo meupe yasiungue, yaani yasiwe meupe mno hadi kupoteza undani wake. Mnara wa mashariki haukukamilishwa kuba lake, nami naomba msiukate katika fremu, kwani bila huo picha hupoteza nusu ya utambulisho wake.

Kanisa limo katika ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji asilia wa eneo hilo, na bado ni parokia hai. Tusitumie flashi ndani, tusiwapige waumini picha bila ridhaa yao, na ibada ikianza tuzime kamera.