Barua kwa mwanangu kuhusu riwaya za upelelezi za zama zilizopita

Upanga, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, na tumefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako huko Dodoma mmeanzisha kikundi cha kusoma riwaya. Umeniomba nikupendekezee riwaya za upelelezi zinazosimulia mambo ya zama zilizopita, ili uwapelekee wenzako wachague ya kuanza nayo. Ombi lako nimelichukulia kwa uzito, kwa kuwa hivi ndivyo vitabu nilivyovisoma kuliko vingine vyote tangu nilipokuwa karani wa mahakama, na kwa kuwa najua jinsi msomaji anavyoweza kuikimbia aina nzima ya riwaya kwa sababu tu alianza na kitabu kibaya.

Kabla sijataja chochote, nikupe kipimo ninachokitumia. Riwaya nyingi hujiita za kihistoria kwa sababu ya mavazi tu: wahusika wamevikwa majoho, wamepandishwa farasi na kuwashiwa mishumaa, lakini wanawaza kama watu wa leo, na mauaji yenyewe yangeweza kutokea jana Sinza au Mbagala bila kubadilika hata kidogo. Hizo sikupendekezei. Riwaya njema ni ile ambayo ukiuondoa wakati wake fumbo lote linaanguka, kwa maana sababu ya kuua, njia ya kuficha na njia ya kufichua vyote vimetokana na sheria, imani na hofu za watu wa zama zile.

Mfano bora ninaoujua ni One Corpse Too Many, iliyotoka mwaka 1979 na kuandikwa na Mwingereza Edith Pargeter kwa jina la Ellis Peters. Mwaka 1138 Uingereza ilikuwa imegawanyika kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Maud, kila mmoja akidai kiti cha enzi, na Stephen alipouteka mji wa Shrewsbury aliwanyonga askari waliokuwa wakiilinda ngome. Hayo yalitokea kweli. Katika riwaya walionyongwa ni 94, lakini mtawa aitwaye Cadfael, anapopewa kazi ya kuwaandaa marehemu kwa maziko, anahesabu maiti 95. Mtu mmoja ameuawa kwa sababu nyingine kabisa, na muuaji amemlaza miongoni mwa waliokufa kwa amri ya mfalme, akiamini kwamba hakuna atakayejali kuhesabu. Hakuna polisi, hakuna maabara, wala hakuna anayejua habari za alama za vidole, ambazo hazikumtia hatiani muuaji hadi mwaka 1892 huko Argentina. Cadfael, aliyewahi kupigana katika Vita vya Msalaba na sasa anatunza bustani ya dawa za mitishamba, ana macho yake, ujuzi wake wa mimea na majeraha, na msimamo kwamba aliyeuawa kwa dhuluma ana haki yake hata kama wamelala 94 wengine pembeni yake. Nimeirudia riwaya hii mara nyingi, na kila ninapofika kwenye hesabu ile husisimka upya.

Riwaya za Cadfael ni 20, zilizotoka kati ya mwaka 1977 na 1994, na si lazima kuzisoma kwa mfuatano. Ya kwanza, A Morbid Taste for Bones, itawagusa wenzako kwa namna ya pekee, kwani inahusu watawa wa Shrewsbury wanaokwenda Wales kuichukua mifupa ya Mtakatifu Winifred, wenyeji wakawakatalia, kisha mzee aliyeongoza upinzani akakutwa ameuawa kwa mshale. Sisi tunaojua jinsi ukoo unavyosimama imara pale panapotajwa habari ya kuhamisha makaburi ya wazee hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu wale hawakuwa tayari kuitoa mifupa hiyo.

Mkimaliza hapo, nendeni kwa C. J. Sansom, aliyefariki mwaka 2024. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya historia na alifanya kazi ya uwakili kabla ya kuwa mwandishi, na yote mawili yanaonekana katika Dissolution ya mwaka 2003. Ni mwaka 1537, Mfalme Henry VIII anazivunja nyumba za watawa, na wakili mwenye kibiongo, Matthew Shardlake, anatumwa na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, kwenye nyumba moja ya pwani ambako mjumbe wa serikali amekatwa kichwa. Shardlake anayaamini mageuzi ya dini ya bwana wake, na kila hatua ya upelelezi inamwonyesha mageuzi hayo yanavyotekelezwa. Wenzako wanaosoma sheria wataipenda hii. Ni nzito na ya kusikitisha kuliko zile za Cadfael, kwa hiyo isiwe ya kwanza.

Sasa nifike kwenye kitabu ninachotamani zaidi mkisome. Mwaka 1951 Josephine Tey alitoa The Daughter of Time, na mwaka 1990 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kilikiweka juu ya orodha yake ya riwaya 100 bora. Ndani yake hakuna anayekimbizana na mtu. Inspekta Alan Grant amelazwa hospitalini akiwa amevunjika mguu, analetewa picha ya Mfalme Richard III, ambaye Waingereza wamefundishwa kizazi baada ya kizazi kwamba aliwaua watoto wawili wa kaka yake, naye anaamua kuichunguza kesi hiyo akiwa kitandani, akisaidiwa na kijana anayemtafutia nyaraka. Anaanza kwa kumuuliza kila shahidi swali ambalo mimi nililisikia mahakamani miaka yote ya kazi yangu: wewe uliliona, au uliambiwa? Masimulizi ya mwandishi Thomas More kuhusu mfalme huyo, yaliyotegemewa kwa karne nyingi, yanayumba mbele ya swali hilo, kwa kuwa Richard alipouawa vitani mwaka 1485 More alikuwa mtoto wa miaka kama saba.

Wanahistoria wengi hawaikubali hukumu ya Grant kwamba Richard hakuwaua watoto wale, na mimi naona alianza vibaya kwa kuusoma uso wa mtu katika picha, jambo ambalo hakuna hakimu angelipokea kuwa ushahidi. Tena mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, na uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda, ingawa watetezi wake wengi walishikilia kwamba habari za mgongo wake zilikuwa uzushi wa maadui. Hayo yote hayakipunguzii kitabu thamani. Wagawe wenzako pande mbili, mmoja umtetee Richard na mwingine umshitaki, na nina hakika kwamba hamtamaliza kwa usiku mmoja.

Il nome della rosa ya Mwitaliano Umberto Eco, ya mwaka 1980, ambayo kwa Kiingereza inaitwa The Name of the Rose, iacheni hadi kikundi kiwe kimekomaa. Inasimulia siku saba za mwaka 1327 katika nyumba ya watawa kaskazini mwa Italia, ambako watawa wanakufa mmoja baada ya mwingine huku maktaba yao, iliyojengwa kwa vyumba vya kupoteza watu njia, ikiwa imefungwa kwa wote isipokuwa mkutubi na msaidizi wake. Kurasa zake mia za mwanzo ni ngumu kwa makusudi. Eco alishauriwa azipunguze akakataa, akisema kwamba msomaji sharti azipitie kama toba. Nakusihi usimwambie mtu yeyote sababu ya vifo vile, hata akikubembeleza.

Mwenye kutaka Rumi ya kale amsome Lindsey Davis. Mwenye kutaka China atafute riwaya za Jaji Dee za Robert van Gulik, mwanadiplomasia wa Uholanzi, na aangalie jinsi kanuni moja inavyoziendesha: katika mahakama za China ya zamani mshitakiwa hakutiwa hatiani mpaka akiri, hivyo kumjua muuaji ni nusu tu ya kazi ya jaji.

Zote hizo nimezisoma kwa Kiingereza, na isingekuwa haki kuimaliza barua bila kukurudisha nyumbani. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na ndiyo iliyotuletea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Abdulla hakukusudia kuandika historia. Aliiandika Zanzibar aliyokuwa akiiona. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliubadilisha ulimwengu ule, kwa hiyo ninyi mliozaliwa baadaye mtaisoma kama riwaya ya kale, na mtaona jinsi hofu ya mzimu inavyowazuia watu kutazama kilicho mbele ya macho yao, wakati Bwana Msa anatazama na kuuliza. Inapita kipimo changu bila taabu.

Ninachokikosa bado ni riwaya ya namna hii kuhusu mji wetu. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo, na tangu hapo palikuwa na liwali na akida, wafanyabiashara wenye barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, maofisa wenye majalada ya Kijerumani, na sheria moja kwa Mzungu na nyingine kwa mwenyeji. Mtu akiokotwa amekufa ufukweni katika mji kama huo, swali la kwanza lingekuwa kesi yake ni ya nani, na majibu yangetegemea marehemu ni nani. Kama katika kikundi chenu yumo mwenye kalamu, mpe wazo hilo.

The Daughter of Time nitaituma kwa basi la Ijumaa, pamoja na mzigo aliokufungia mama yako. Riwaya mbili za Cadfael nilizipata kwa wauza vitabu vya mitumba huku Posta, nazo zitafuata nitakapomaliza kuzibandika majalada. Nyingine nitaziulizia Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed. Ukishapokea mzigo niarifu, kisha uniandikie ni nani kati yenu aliyemtetea Richard na kwa ushahidi gani.

Ni mimi baba yako akupendaye.