Tusiifunike kwa saruji nyumba ya matofali ya misheni

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi mstaafu wa Rungwe, ambako wamishenari wa Moravian walifika mwaka 1891. Kanisani kwetu kijijini kuna nyumba ndogo ya zamani ya matofali ya kuchoma. Mwezi uliopita ukuta wake wa kusini ulipigwa lipu ya saruji. Nia ilikuwa njema, ila nimeumia sana.

Wasomaji wautazame ukuta wa mashariki, ambao bado uko wazi. Tofali moja limelazwa kwa urefu, linalofuata limetoa kichwa nje, hivyo hivyo hadi kwenye kenchi. Juu ya madirisha kuna matao. Hakuna nondo hata moja, matofali yanabebana yenyewe. Karibu na mlango, usawa wa goti, lipo tofali lenye alama ya mguu wa mbwa aliyelikanyaga likiwa bichi. Marehemu baba alinionyesha nikiwa na miaka sita.

Matofali yale ni laini, yamejengewa chokaa. Mvua zetu zikiloanisha ukuta, maji hutoka nje kupitia chokaa na ukuta hukauka. Saruji huyafungia ndani, na tofali huanza kumomonyoka kama mkate uliolowa. Pale chini tayari nimeokota unga mwekundu.

Naiomba kamati ya ujenzi isimamishe kazi kabla ya kuufikia ukuta wa mashariki. Chokaa nitaichanganya mwenyewe, bila malipo, na vijana waje na miko yao niwaonyeshe.

Fundi mstaafu,
Rungwe, Mbeya