Barua ya wazi kwa wifi yangu mkulima wa mwani: ukija Ujerumani, Jumamosi moja ni ya Düsseldorf

Wifi yangu mpendwa,

Asalam aleykum. Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, na pale uliposema "miye samaki mbichi msinilishe huko" nikaona bora nikuandikie kirefu, tena niiweke wazi hapa wasome na wengine, maana hilo neno nalisikia kwa kila mgeni anaetoka nyumbani. Watu wakisikia chakula cha Kijapani akili inakwenda kwenye sushi, wali wenye samaki mbichi, wanakunja uso, basi, mlango ushafungwa. Na mi sitaki ukae Köln wiki zako zote urudi Jambiani, Unguja, hujauona ule mtaa wa Wajapani wa Düsseldorf kwa sababu ya kipande cha samaki ambacho hakuna mtu atakulazimisha ukile. Tena wewe hasa, we na kikundi chenu cha mwani, una sababu ya kwenda kuliko wageni wote nliowahi kuwapeleka. Ntafika huko, vuta subira.

Kutoka hapa kwetu mpaka Düsseldorf ni treni ya nusu saa hivi. Unashuka stesheni kuu, unatoka nje, unavuka uwanja wenye reli za tramu, mbele yako ndo inaanza Immermannstraße. Usitegemee majumba ya mbao na taa za karatasi, hii ni barabara pana ya Kijerumani yenye maofisi na mabenki na mahoteli, ila inua macho usome mabango. Hata kibao cha jina la mtaa tangu 2021 kimeandikwa kwa lugha mbili, Kijerumani na Kijapani. Ukitembea taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho haikumalizii hata robo saa, lakini pamoja na vichochoro vya pembeni, Oststraße na Marienstraße na Klosterstraße, siku nzima inaisha na mifuko imejaa.

Wajapani wamefikaje pale? Uhusiano wenyewe ni wa zamani, mfanyabiashara wa mji huo, Louis Kniffler, alifungua duka la biashara Nagasaki mwaka 1859. Lakini watu wenyewe kuja kuishi kwa wingi ni baada ya vita vya pili, miaka ya 50, Japani inajijenga upya inataka chuma na mashine na madawa ya viwandani, na vyote hivyo vilikuwa bonde la Ruhr hapo jirani, basi makampuni yakafungua ofisi Düsseldorf, wafanyakazi wakaja, wakaleta wake na watoto. Shule yao ya Kijapani ipo tangu 1971. Ng'ambo ya mto Rhein, mtaa wa Niederkassel, wana hekalu la Kibudha na bustani yake, linaitwa EKO-Haus. Leo Wajapani mjini ni zaidi ya 7,000. Hili ndo linanifanya nikiamini chakula cha pale, wifi. Mpishi anampikia mwenzake aliemaliza kazi ofisini, anampikia mama alietoka kumchukua mtoto shule, watu ambao ladha ya kwao wanaijua na ukiwadanganya hawarudi tena. Mji mwingine wa Ulaya unaingia mgahawa wa Kijapani wenye picha ya mlima ukutani na chakula hakina mwenyewe. Pale kina wenyewe.

Sasa chakula. Cha kwanza ntakachokulisha ni sinia ya mchana, wao wanaiita teishoku, kuna wali mweupe, bakuli dogo la supu ya miso, yaani soya iliyochachushwa, kachumbari ya kuchachushwa, na samaki wa kuchoma. Wifi, samaki mwenyewe ni kibua! Anapakwa chumvi tu, anachomwa mpaka ngozi inapasuka, pembeni wanakuwekea figili nyeupe iliyokunwa na kipande cha limau. Utakula na utanyamaza. Kuna na tambi nene za udon ndani ya mchuzi mwepesi, kuna boga lililochemshwa taratibu mpaka likawa laini, kuna takoyaki, maandazi madogo ya duara yana kipande cha pweza ndani, na pweza we hunihitaji nikufunze. Ramen, tambi ndani ya supu, ndo inayopangiwa foleni, pale migahawa ya Takumi na Naniwa utawakuta watu wamejipanga nje hata mvua ikinyesha, na bakuli moja ni euro kumi na kitu, lakini hapo sasa tusimame kidogo.

Supu nyingi za ramen zinachemshwa kwa mifupa ya nguruwe, masaa na masaa, ile nyeupe nzito inaitwa tonkotsu ndo hiyo hiyo, na hata ukiambiwa "bila nyama" wanaweza wakatoa vipande vya juu tu na mchuzi ukabaki ule ule. Menyu za Ujerumani zina vijiherufi na vinamba mbele ya kila chakula na wageni wanadhani hapo ndo wameandikiwa kila kitu, hapana. Sheria ya Ulaya inalazimisha vitajwe vitu 14 vinavyodhuru watu wenye aleji, karanga, maziwa, ufuta, samaki, vitu hivyo, nguruwe na pombe havimo katika hivyo 14. Kwa hiyo lazima uulize kwa mdomo. Kuna ramen za mboga tupu, hizo ntakuonyesha. Za kuku zipo pia ila kuku yule kachinjwa vipi sijui nani atakuhakikishia, mi huwa siagizi. Halafu kuna mirin, ni kiungo cha utamu kinatokana na mchele na ile ya asili ina pombe kama asilimia 14, inatiwa kwenye michuzi mingi, hata wa udon. Mi nakwambia kilichomo ili uingie macho wazi, wengine wanasema ikipikwa imeondoka, wengine hawagusi, na we una sheikh wako wa kumuuliza kabla hujapanda ndege. Wahudumu ukiwauliza kwa adabu wanakwenda jikoni kuuliza na wanarudi na jibu la kweli, na hilo ni jambo nalowasifia sana.

Na kuhusu hao samaki wabichi nkutoe wasiwasi, japo huli. Sheria ya hapa inataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 zisizopungua, ili minyoo ife, wa kufugwa wengine ndo wanasamehewa. Na yule samaki wa rangi ya chungwa unaemuona kwenye kila picha ya sushi ni samoni, Wajapani wenyewe zamani hawakuwa wakimla mbichi, ni Wanorwe walikwenda kuwauzia miaka ya 80 maana walikuwa na samaki wa kufuga wengi hawana pa kuwapeleka. Biashara hiyo.

Mikate yao usiikose. Kuna Bakery Taka pale pale Immermannstraße na Bakery My Heart ipo Marienstraße, unachukua sinia na koleo unajipakulia mwenyewe. Anpan ni mkate laini una maharage mekundu ya sukari ndani, watu wa hapa wanashangaa maharage na sukari wapi na wapi, sisi tunaokula tambi za sukari na kibibi Ramadhani tunaelewa vizuri sana. Melonpan, mkate mtamu wenye ganda la biskuti juu, nayo nzuri. Wenye binzari ndani uulize nyama gani kwanza.

Haya, sasa mwani.

Ukiingia supamaketi zao, Shochiku kwa mfano, au Dae Yang ambayo ni ya Kikorea ila inauza vya pande zote mbili, utakuta rafu ya mwani. Rafu nzima, wifi, juu mpaka chini. Kuna nori, zile karatasi nyeusi za kufungia wali, zipo za pakti ya karatasi kumi, zipo zilizokatwa ndogo za kulia na chai, zipo za kutiwa ufuta na chumvi za watoto. Kuna kombu, ile mipana minene ya maji baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, imekunjwa mikavu ina unga mweupe juu, hii ndo msingi wa supu zao nyingi, na mwaka 1908 mtaalamu wa kemia anaitwa Kikunae Ikeda ndo alichunguza mchuzi wa kombu akagundua ile ladha nzito ya mchuzi wanayoiita umami. Kuna wakame ya kutia kwenye supu ya miso, unaloweka dakika chache inafumuka. Kuna hijiki nyeusi, hii usinunue, serikali kadhaa za Ulaya zimetoa tahadhari kwamba ina sumu ya aseniki nyingi.

Nataka usimame mbele ya rafu ile na usome bei. Unajua mwenyewe kilo ya spinosum mkavu, ile aina ya mwani mnayolima, mnauza shilingi ngapi pale pwani mchuuzi akija na mizani yake. Tangu ulipoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989 mwani wetu unakaushwa, unatiwa magunia, unapanda meli, huko unatolewa uteute wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu na jina la Paje wala Jambiani halipo popote. Nori ni mwani mwingine kabisa, haulingani na wa kwetu, sikwambii mkapande nori, maji yetu ni ya moto na cottonii, ile aina yetu nyingine, mmeshaona unavyokufa. Ninachotaka ukione ni kwamba mwani pale ni chakula chenye jina, chenye pahala ulipotoka kwenye pakti, chenye daraja la kwanza na la pili, mtu anasimama anachagua kama nyie mnavyochagua karafuu.

Na kuna habari yao moja naipenda sana. Baada ya vita wakulima wa nori Japani walikuwa wanakwama, miaka inakuja mwani hauoti, na hakuna aliejua mbegu yake inakaa wapi mwaka mzima. Mwanamama wa Kiingereza, Kathleen Drew-Baker, akiwa Manchester anafanya utafiti wa mwani wa pwani za kwao, mwaka 1949 akaandika kwamba ile mbegu inajificha ndani ya makombe ya chaza. Wajapani wakaisoma ile kazi, wakaanza kuotesha mbegu kwenye makombe, kilimo kikasimama tena. Yeye Japani hakuwahi kufika. Wakulima wakamjengea mnara mji wa Uto na kila mwaka mwezi wa nne wanamkumbuka. Nyie mnahangaika na mbegu kila msimu, nadhani kwenye kikundi hii itawapa la kuzungumza.

Vingine vya kununua nakutajia haraka. Soya sosi chukua ya Kikkoman, hizi za Ulaya nyingi zinatoka kiwanda chao cha Uholanzi kilichofunguliwa 1997, inachachushwa kwa soya, ngano, maji na chumvi tu, na huko kuchachuka kunaleta pombe kidogo yenyewe, hilo nalo ulijue. Mchele wao ni wa punje fupi, nafuu uliolimwa Italia kuliko uliotoka Japani kwenyewe, na kwa kula nyumbani unatosha sana. Uoshe mpaka maji yawe meupe safi, uloweke nusu saa, usitie mafuta wala chumvi wala nazi, najua mkono utakuwasha lakini usitie. Chai chukua hojicha, majani yaliyokaangwa, haikukoseshi usingizi. Matcha, ile chai ya kijani ya unga, siku hizi imepanda bei vibaya, dunia nzima inaitaka, mi nimeacha kununua. Mchuzi wa binzari wa vipande, ule unaokatika mithili ya chokleti, soma stika ya Kijerumani nyuma, kila kitu kilichoagizwa nje kina stika, neno la kutafuta ni Schwein, na Rind ni ng'ombe, na Gelatine iache. Duka la vitabu la Takagi tutapita kwa ajili ya mwanao, kalamu na daftari zao hazina mfano. Visu na mabakuli tutaangalia, kisu ukinunua kitapanda kwenye begi kubwa.

Usipange kuja Jumapili, maduka Ujerumani yanafungwa Jumapili kwa sheria, mikahawa tu ndo wazi. Jumamosi asubuhi ndo vizuri, tunakula kabla ya saa sita foleni hazijaanza, tunanunua vikavu, vya friza mwisho kabisa tukikaribia treni. Mtoto usimuwazie, vijiti akivishindwa uma upo, wanavyokatazana wao ni kuvisimamisha vijiti kwenye wali maana ndo wanavyofanya msibani.

Nijibu tu kama unakuja kabla au baada ya Japan-Tag, ile sikukuu yao, mara nyingi inaangukia mwezi wa tano au wa sita. Siku ile wanakuja watu laki kadhaa, fataki zinarushwa usiku juu ya mto Rhein na ni nzuri kweli, lakini madukani hata pa kuweka mguu hapapatikani, na mi nataka usimame mbele ya rafu ya mwani kwa nafasi yako upige picha za pakti zote uwapelekee wenzio. Kwa hiyo kama tarehe zinagongana tutakwenda mara mbili.

Wako,
wifi yako wa Köln