Babu, neno "chikungunya" ni letu

London

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Bibi na wote hapo Newala. Mimi sijambo, ila baridi tu.

Juma lililopita, maktabani, niliazima juzuu ya 49 ya jarida la Chama cha Kifalme cha Tiba za Tropiki, ya mwaka 1955, ambayo karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Humo mna makala ya Dkt. Marion Robinson, kurasa tano tu, kuhusu homa iliyozuka kwetu mwaka 1952 hadi 1953. Anaeleza jinsi ilivyomwangusha mtu ghafla, kwa homa kali, vipele, na maumivu ya viungo yaliyomnyima mgonjwa usingizi usiku wa kwanza. Kilichonifurahisha ni kwamba hakutafuta jina mbali, bali alichukua lile walilolitaja wagonjwa wenyewe: chikungunya, yaani kinachokunja. Darasani tuliambiwa kuwa ni neno la Kiswahili, ikanibidi ninyooshe mkono na kueleza kuwa ni la Kimakonde, na kwamba mtu wa Unguja asingelielewa bila kufasiriwa.

Makala inayofuata, ya W. H. R. Lumsden, ni ndefu mara tano, nayo ilinikumbusha mitungi ya Bibi. Lumsden aliifuatilia homa hadi majumbani, akaeleza kwamba, kwa kuwa maji ni haba huko juu uwandani Newala na watu huyafuata mbali bondeni, kila nyumba huyaweka akiba, na katika akiba hiyo ndimo wanamozaliana mbu aina ya Aedes aegypti, wanaoieneza homa hiyo. Nasi tulidhani Bibi anatugombeza kwa kuacha mtungi wazi kwa sababu ya vumbi! Mwaka 1956 R. W. Ross alichapisha kazi ya maabara ya Entebbe, Uganda, ambako kirusi chenyewe kilipatikana katika damu ya wagonjwa.

Mwaka 2004 homa hiyo iliikumba Lamu wakati wa ukame, na watafiti wakarejea hoja ile ile ya maji yanayokaa majumbani muda mrefu. Baadaye ikafika Komoro na kisiwa cha Réunion, ambako waliougua walizidi 200,000. Inasikitisha kwamba hoja iliyochapishwa nusu karne nyuma ilibidi ijifunzwe upya.

Nina ombi, Babu. Wewe wakati huo ulikuwa mtoto mwenye akili zake. Naomba unieleze mlivyokuwa mkilitamka neno hilo, na kama lilisemwa juu ya ugonjwa au juu ya mtu aliyejikunja. Wataalamu hulirudisha kwenye kitenzi kungunyala, yaani kujikunja, lakini mimi niliyekulia Mtwara mjini siwezi kulitetea bila wewe.

Nisalimie Bibi, na umwambie lile pipa la uani nalo alifunike kama mtungi.

Mjukuu wako